Kabureta Mbili, Pumzi Moja: Kulirekebisha Gari la Zamani Katika Hewa ya Eldoret

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mafundi wa jua kali, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wenye magari ya zamani katika Kaunti ya Uasin Gishu. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote.

 

Mada ya leo ni gari la zamani lenye kabureta mbili. Huenda wapo watakaosema kwamba mambo ya kabureta yamepitwa na wakati, kwa kuwa magari mengi yanayoingia nchini sasa hupewa petroli na mfumo unaoongozwa na kompyuta. Ni kweli. Lakini magari ya zamani bado yapo katika nyua za Kapsoya, Langas na Turbo, na wenyewe bado wanayategemea kwenda shambani, kanisani na sokoni. Pikipiki nyingi za bodaboda nazo zinatumia kabureta. Na wazee wanaojua kazi hii vizuri wanazidi kupungua mwaka baada ya mwaka. Kijana asipojifunza kwao sasa, baadaye atajifunza kwa kuharibu injini za watu.

Chukua mfano wa mzee mstaafu mwenye Datsun 1600 SSS aliyoitunza tangu ujanani. Asubuhi inawaka kwa shida. Ikipanda mlima inakohoa. Moshi mweusi unamfuata barabarani, na petroli iliyokuwa ikimfikisha Turbo na kumrudisha sasa inamwachia njiani. Fundi wa kwanza anafungua bonneti, anapunguza petroli kidogo, analipwa. Fundi wa pili anaiongeza, analipwa. Fundi wa tatu anasema kabureta zimekufa, heri mzee auze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kati ya hao watatu, hakuna aliyepima vali, aliyetazama plagi wala aliyesikiliza hewa inavyoingia. Gari halikufa. Lilipoteza ulinganifu, na kila mkono uliolishika uliuongeza upotevu huo.

Somo la leo linaweza kusemwa kwa maneno matatu: petroli huulizwa mwisho. Kwanza afya ya injini, kisha hewa, ndipo petroli. Anayeanza na petroli anatibu homa bila kuuliza mgonjwa ameumwa na nini.

Hewa ya Eldoret si hewa ya Mombasa

Jiji la Eldoret liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukienda Timboroa unapita mita 2,700. Katika kimo cha Eldoret hewa ni nyepesi: uzito wake ni kama sehemu nne kati ya tano za hewa ya pwani. Wanariadha wanalijua jambo hili kwa mapafu yao. Injini nayo ina mapafu, na inalijua vilevile.

Kwa uzito, kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya petroli huko Mombasa huhitaji takriban mita za ujazo 9 za hewa. Hapa Eldoret lita hiyohiyo huhitaji zaidi ya mita za ujazo 11. Tatizo ni kwamba kabureta haina mizani. Inahisi wingi wa hewa inayopita, lakini haijui uzito wake kamili. Kwa hiyo gari lililorekebishwa Mombasa likiletwa Eldoret bila kuguswa, hupewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, nguvu kidogo na tangi linaloisha upesi. Kwa mwananchi anayesubiri kila tarehe 14 ya mwezi kusikia bei mpya ya EPRA, huo si upotevu mdogo.

Kinyume chake pia ni kweli, na kina hatari zaidi. Gari lililorekebishwa vizuri Eldoret likiteremka hadi pwani litakosa petroli ya kutosha kwa hewa nzito ya huko. Injini itapata joto kupita kiasi, na vali zinaweza kuungua. Mwenye gari anayehamia pwani, au anayekwenda kukaa huko kwa muda mrefu, amwambie fundi mapema.

Ndugu wa bodaboda wasikilize hapa pia. Wao wana kabureta moja, hawana cha kulinganisha, lakini kanuni ya hewa nyepesi inawahusu vilevile.

Kwa nini mbili?

Kabureta mbili hupunguza safari ya petroli na hewa kutoka kwenye mlango hadi kwenye silinda. Katika injini ya silinda nne, kabureta ya mbele kwa kawaida hulisha silinda ya kwanza na ya pili, na ya nyuma hulisha ya tatu na ya nne. Injini hupumua kwa wepesi na kutoa nguvu zaidi.

Afrika Mashariki iliuona ushahidi wa jambo hili katika mbio za Safari. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeifahamu kazi ya gereji tangu ujanani, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiendesha Volvo PV544. Volvo ya aina hiyo, katika toleo la Sport, ilitoka kiwandani na kabureta mbili za SU kutoka Uingereza. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, gari ambalo madukani liliuzwa na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Magari hayo yalipita vumbi, matope, joto la nchi za chini na baridi ya nyanda za juu. Hayakuwa magari dhaifu. Yalihitaji mafundi wenye subira.

Kabureta mbili ni kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Mmoja akitangulia na mwingine akiburuta miguu, plau inakwenda upande, na anayevuta zaidi ndiye anayechoka kwanza. Mkulima hawezi kutatua tatizo hilo kwa kumwongezea mmoja majani. Huwalinganisha hatua kwanza.

Kabla ya kugusa kabureta

Fundi mwangalifu huanza mbali na kabureta. Hupima nafasi za vali injini ikiwa katika hali inayotakiwa na kitabu cha gari. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa sababu tangu mwaka 2006 petroli ya Kenya haina risasi. Risasi ilikuwa na madhara makubwa kwa afya, hasa ya watoto, na kuondolewa kwake kulikuwa jambo jema. Lakini ilikuwa pia ikilinda viti vya vali katika baadhi ya injini za zamani. Bila risasi, viti laini huweza kuliwa polepole na nafasi ya vali kupungua. Vali isiyofunga sawasawa hufanya injini itetemeke, na hakuna kabureta itakayoiponya.

Baada ya vali, fundi hutazama plagi, pointi za distributa na taimingi. Hupima mgandamizo wa kila silinda. Husafisha au kubadilisha fita ya hewa, maana vumbi la barabara za mashambani huiziba haraka.

Kisha hutafuta hewa inayoibwa. Gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini, au mhimili wa kipepeo uliolika, huingiza hewa isiyopimwa. Baadhi ya mafundi hutafuta ufa huo kwa kudondosha petroli juu ya injini inayonguruma. Wanacheza na moto. Chupa ya kupulizia yenye maji kidogo ya sabuni inatosha: maji yakifika penye ufa, mlio wa injini hubadilika. Mhimili uliolika sana hauna dawa ya bisibisi. Lazima utengenezwe au ubadilishwe, na mwenye gari aambiwe ukweli kabla ya kulipa.

Mwisho wa ukaguzi ni ndani ya kabureta zenyewe. Kabureta ya muundo wa SU ina pistoni inayopanda kufuatana na hewa ambayo injini inavuta. Chini ya pistoni hiyo kuna sindano iliyochongoka, inayoingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, sindano hutoka kidogo na petroli zaidi hupita. Fundi huinua kila pistoni kwa kidole na kuiachilia. Inapaswa kushuka bila kukwama na kugonga chini kwa mlio mfupi wa chuma. Pistoni zote mbili zishuke kwa mwendo mmoja. Huhakikisha pia kwamba mafuta mepesi ya injini yapo katika kichwa cha kila kabureta, na kwamba boya la kila chumba cha petroli limesimama katika kimo kilichoandikwa kitabuni. Boya lililotoboka hulifurisha gari kwa petroli hata nati ikazwe namna gani.

Kulinganisha hewa

Injini ipashwe moto hadi kiwango chake cha kawaida. Injini baridi hudanganya.

Fundi hulegeza kwanza vibanio vinavyounganisha kabureta hizo mbili, ili kila moja ijitegemee. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa, kazi yote inayofuata ni bure, kwa sababu kuigeuza moja ni kuivuta nyingine. Hulegeza skrubu za vipepeo mpaka ziache kugusa, kisha huzirudisha mpaka ziguse kidogo, na kuziongeza mzunguko mmoja na nusu kila moja. Nati ya petroli iliyo chini ya kila kabureta huipandisha mpaka jeti ifike juu kabisa, kisha huishusha mizunguko miwili kamili. Huo ni mwanzo wa kawaida wa kabureta za SU, ili zote mbili zianzie mahali pamoja.

Sasa injini inawashwa, bila fita ya hewa. Wapo mafundi wenye kipimo maalumu cha mkondo wa hewa. Asiye nacho atumie mpira mwembamba wenye urefu wa kama nusu mita. Ncha moja anaiweka sikioni, nyingine mlangoni mwa kabureta ya kwanza. Atasikia mvumo. Anahamia ya pili, akiweka mpira mahali palepale na kwa umbali uleule. Yenye mvumo mkubwa inavuta hewa zaidi. Anaigeuza skrubu ya kipepeo chake kidogo kidogo, mpaka sikio lisiweze kutofautisha. Mafundi wengi wakongwe wamefanya kazi maishani mwao kwa kipande cha mpira kama hicho.

Petroli bado haijaguswa.

Kulinganisha petroli

Hewa ikishalingana, petroli inapata zamu yake. Kupandisha nati ya jeti hupunguza petroli, kuishusha huiongeza. Fundi huzigeuza nati zote mbili kwa kiasi sawa, upande mmoja wa nati kwa kila hatua, mpaka injini izunguke kwa kasi na utulivu zaidi. Mzunguko ukipanda mno, huushusha kwa skrubu za vipepeo, kwa kiasi sawa pande zote mbili.

Kisha huhakikisha. Huinua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kiasi kisichofika milimita moja, kwa pini iliyowekwa kwa kazi hiyo au kwa bisibisi nyembamba. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikifa au kushuka mara moja, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, ni sawa. Jaribio hilohilo hufanywa kwa kabureta ya pili, kisha fundi hurudi kwa ya kwanza, kwa maana kila moja huathiri mwenzake.

Hapa Eldoret fundi asishangae akikuta mahali sahihi pa nati ni juu kuliko kitabu kinavyosema. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya hewa nzito. Lakini ikiwa nati imepandishwa hadi mwisho na petroli bado ni nyingi, sindano au jeti imelika, au boya liko juu mno. Kuendelea kukaza hakutasaidia.

Kuunganisha na kujaribu

Baada ya petroli, hewa hupimwa tena kwa mpira, maana marekebisho ya petroli huweza kuivuruga kidogo. Kisha vibanio hukazwa. Jambo la kuangalia ni moja: dereva akikanyaga eksileta, vipepeo vyote viwili vifunguke kwa wakati mmoja. Kimoja kikichelewa, gari litatulia vizuri likiwa limesimama lakini litashtuka likianza kwenda. Kwa hiyo fundi husikiliza pia injini ikizunguka kama mara 1,500 kwa dakika. Waya wa choki nao huachiwa ulegevu kidogo, na jeti zote mbili zishuke pamoja unapovutwa.

Mwisho ni barabara. Gari liendeshwe kilomita kadhaa, likiwemo pandeo moja, kisha plagi zifunguliwe. Rangi ya kahawia isiyokolea ni afya. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Nyeupe ni petroli kidogo na joto kali. Plagi mbili za mbele zikiwa kahawia na mbili za nyuma nyeusi, kabureta ya nyuma ndiyo inayosema.

Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, nafasi ya vali, mizunguko ya nati, rangi ya plagi. Yule mzee wa Datsun angekuwa na daftari hilo, fundi wa pili angeona alichofanya wa kwanza, na wa tatu asingetamka neno la chuma chakavu.

Moshi, moto na mto

Kazi hii ina hatari tatu ambazo kila mkazi anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni moshi. Injini yenye petroli nyingi hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu anaweza kuzirai na kufa kabla ya kujua kinachomuua. Asubuhi za Eldoret ni baridi, na kuna kishawishi cha kufunga mlango wa gereji huku injini ikinguruma. Usifunge. Gari lirekebishwe nje au mahali pa wazi. Anayehisi dalili hizo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Ya pili ni moto. Kabureta inayovuja juu ya ekzosi ya moto haihitaji kiberiti. Pasiwe na sigara wala jiko la makaa karibu, na kizima moto cha unga au ndoo ya mchanga iwe mkononi. Maji husambaza petroli inayowaka. Na asiwepo kijana wa kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone likiingia mapafuni linaweza kumlaza hospitali.

Ya tatu ni mto. Petroli iliyoosha kabureta na oili iliyokwisha kutumika isimwagwe mtaroni. Mitaro ya mji huu huishia Mto Sosiani. Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kinachomwagwa nyuma ya gereji kina safari ndefu, na katika safari hiyo kuna ng'ombe wanaokunywa na watu wanaochota. Kikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa wanaokusanya oili chafu.

Kwa mwenye gari, ushauri ni mfupi. Fundi akifungua bonneti na kukimbilia nati ya petroli kabla ya kuuliza habari za vali na plagi, mwulize kwa upole: "Fundi, hewa umeisikiliza?" Fundi anayeijua kazi hatakasirika. Atatoa mpira wake.

Na kwa kijana anayejifunza: mtafute mzee anayefanya kazi hii, mwamkie, mshikie taa, uliza. Kompyuta utaifundishwa chuoni. Mvumo wa kabureta mbili zinazopumua kwa pumzi moja hufundishwa sikio kwa sikio, na wenye masikio hayo wangali hapa.